Weka Maji ku Moto

Binti yangu alisikia sauti ya baba yake kwa mara ya kwanza kule mjini, mtaa wa Nyamityobora, macho yake yote mawili yakiwa chini ya bandeji. Tulikuwa tumetoka hospitali ya macho ya Ruharo asubuhi ile, tukafikia saluni kwa mdogo wangu anayesuka nywele, tusubiri siku ya kufunguliwa. Mtoto wa miaka minne asiyeona hatulii. Mdogo wangu akampa simu, akafungua mchezo na kumwambia asikilize tu, yeye atakuwa anabonyeza kila mkono wake ukiwa huru.

Mchezo wenyewe, nisidanganye, kwa macho ni mbovu. Shujaa ana koti jekundu, anaruka juu ya mabati kama mbuzi aliyeumwa na nyuki, na ngumi zake hazimgusi mtu. Uliundwa na vijana wa kwetu, Wakongomani wanaoishi Kampala. Ila hawakuwa wajinga. Waliwatafuta watafsiri wa filamu, wale tuliowasikia miaka yote katika vibanda vya video vya kambi yetu ya wakimbizi, Nakivale, mtu mmoja na kipaza sauti akiigeuza filamu nzima katika Kiswahili chetu. Adui wa mwisho ni yule mzee aliyetutafsiria majambazi wote. Akikohoa tu, kabla hajaonekana, umeshamchukia, kwa sababu unamchukia tangu ungali mutoto. Sauti ngeni ingebidi ikubembeleze kwanza. Hizi zilikuja na miaka yetu ndani.

Na shujaa ni mume wangu.

"Dada," mdogo wangu alisema bila kuacha kusuka, "hii si sauti ya shemeji?"

Nilikuwa nakunja nguo za mtoto. Nikaendelea kukunja ileile moja.

Kibanda alichotafsiria filamu kilikuwa Base Camp, kulekule Nakivale, nyuma ya soko, na nyumba yetu haikuwa mbali. Spika ilitundikwa nje ili wapita njia washawishike kuingia. Kila filamu ikikaribia kwisha, shujaa amebaki na adui mmoja, mume wangu aliacha maneno ya filamu akasema ya kwake: "Mama wa nyumba, weka maji ku moto. Huyu namumaliza sasa." Kibanda kizima kilicheka. Mimi nilinuna, nikaweka maji. Jirani zangu nao walijua hapo ndipo saa ya kupika. Akifika, maji yanachemka, nasonga bugali, naye anakaa mlangoni koo limemkauka, anaongea kwa mikono tu.

Mimba ilipofika miezi saba alipanda basi la Kampala kutafuta kazi ya sauti. Simu zilikuja mingi, zikapungua, kisha namba ikafa. Kanisani wamama waliniambia nimuombee. Nilimuombea na kumtukana kwa pumzi moja. Mtoto alipoanza kuuliza, nilimwambia baba yuko fasi ambako simu hazifiki. Niliuona uongo mzuri, hauna damu wala kaburi.

Sasa pale saluni adui wa mwisho akakohoa, na shujaa akasema: "Mama wa nyumba, weka maji ku moto. Huyu namumaliza sasa."

Mteja mmoja alicheka, akasema kwao siku hizi kila mtu anasema hivyo. Maneno ya jiko langu. Miaka minne hakupata pumzi ya kunipigia, lakini ya kumwagiza maji kila mwenye simu anayo. Nilitaka kuirusha ile simu nje. Nilitaka pia aseme tena.

"Mama, huyu ni nani?" mtoto aliuliza.

Ningeweza kumwambia ni shujaa tu. Haoni uso wangu, angejuaje?

"Ni baba yako."

Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Kumbe simu zinafika," alisema.

Mdogo wangu alimweleza kwamba ile ni sauti iliyorekodiwa tu, haisikii mtu. Mtoto aliisogeza simu mdomoni vilevile, akamwambia baba yake maji yako ku moto tayari. Hakukuwa na maji yoyote. Nikainuka nikabandika sufuria, nikasonga bugali, tukala watatu.

Bandeji zilitolewa, anaona vizuri, tukarudi Nakivale na mchezo ndani ya simu yangu. Jioni hunikalia mapajani nikicheza. Nimeshaujua. Yale maneno hutoka shujaa anapomkabili adui wa mwisho tu. Ukimshinda, mchezo unaisha na vijana wanakushukuru, basi. Kwa hiyo namwacha mzee ampige. Shujaa anaanguka, anasimama upya, ananiagiza maji.

"Mama, kila siku unashindwa," mtoto ananiambia. "Hujui kucheza."

Namwambia anyamaze, asikilize.