Kicheko na Mlango Uliokuwa Wazi

Mdogo wangu tunamwita Kicheko tangu utotoni, kwa sababu hata wakati wa sala alikuwa akicheka, na mama akimfinya ndiyo kwanza anazidi. Mungu akampa kazi ya kufanana naye: mhudumu wa ndege. Anatabasamu kutwa na analipwa.

Analipwa, lakini sikia hili. Saa zao zinaanza kuhesabiwa mlango wa ndege ukishafungwa. Kabla ya hapo abiria wanaingia, huyu anapandishiwa begi zito kama jiwe la kusagia, yule anatafutiwa kiti, bibi anafungwa mkanda, mtoto anatapika. Yote hayo bure, eti mlango bado uko wazi! Kicheko ndiye msemaji wa chama chao, na kwenye mkataba mpya walitaka jambo moja tu: wahesabiwe tangu abiria wa kwanza anapokanyaga ndani. Kampuni ikakataa. Mazungumzo yakakwama kama gari kwenye tope, miezi na miezi, hadi ikabaki siku moja. Wasipoelewana siku hiyo, mkataba wa zamani unaendelea na wao wafunge midomo.

Nilikuwepo, maana niliwapelekea chai. Nikakaa koridoni na chupa zangu, mlango wa chumba cha mkutano umeachwa wazi kwa sababu ya joto.

Mikutano ya nyuma walijiponza wenyewe. Mabosi wakiingia tu, wahudumu mikono inawawasha: wanapokea mabegi, wanavuta viti, wanamimina maji. Mazoea yana taabu. Mkurugenzi akishakaa raha mustarehe anasema, "Mbona mnafanya kwa moyo mweupe? Malipo ya nini tena?"

Siku hiyo mabosi wakaingia. Wahudumu wameketi, mikono mapajani, wametulia tuli kama maji mtungini.

"Hamjambo?" akasema mkurugenzi.

Hakuna aliyeinuka kupokea begi.

Mwanasheria wa kampuni akaweka begi juu ya kabati, likamwangukia begani. Mhasibu akakalia kiti cha mkurugenzi. Mkurugenzi, bila kutazama, akamkalia mhasibu. Mwingine akapambana na chupa ya maji mpaka ikamwagikia tai. Mimi huko nje nimejiziba mdomo kwa kitambaa, naomba, Ee Mungu nisaidie nisicheke. Kicheko mwenyewe mashavu yamemvimba kama mtoto aliyeiba sukari.

"Leo mmekuwaje nyie?" mkurugenzi akafoka. "Mama, wewe si msemaji? Sema basi!"

Kicheko akanyoosha kidole tu, mlangoni.

Mkurugenzi akautazama mlango. Akawatazama wao. Nikamwona anavyoelewa, polepole, kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria jikoni.

"Aah! Nyie!" Akainuka, akaja mwenyewe, akaufunga, puu, mbele ya pua yangu.

Palepale nikasikia sauti zote kwa pamoja, tamu kama asali: "Karibuni sana! Tunafurahi kuwa nanyi!" Viti vikaburuzwa, maji yakamiminwa, chumba kizima kikalipuka kwa kicheko.

"Basi, basi, mtaniua!" mkurugenzi akakohoa. "Lakini begi limemuumiza mwenzetu kweli."

"Pole yake, bosi," mdogo wangu akajibu. "Sisi ndiyo kila siku."

Kisha sauti zikashuka. Nikabandika sikio mlangoni, nikaambulia ubao. Chai ikapoa. Nikasali sala zote ninazozijua, nikaanza upya.

Mlango ulipofunguka, Kicheko alitoka mbio, viatu mkononi.

"Dada! Wamesaini! Tangu abiria wa kwanza!"

"Malipo yote?"

"Nusu mwaka huu, yote mwakani!"

Tukakumbatiana tukazunguka pale koridoni kama vichaa, mimi na umri wangu huu! Nikapiga vigelegele hadi mlinzi akapanda ngazi kuja kuuliza nani anaolewa.

Simu za wenzake zikaanza kumiminika. Kila akipokea, anafungua mdomo kusema, kicheko kinamzidi, machozi yanamtoka, ananisukumia mimi simu. Basi mimi, nisiyewahi hata kupanda ndege, ndiye niliyewapa habari mmoja mmoja: "Ndiyo, mwanangu. Mmepata. Mshukuruni Mungu. Hapana, huyu msemaji wenu hawezi kuongea, amekaa sakafuni."