Leseni Iko kwa Ukuta wa Mama

Watu wa Kitale, leo nimezuiliwa kuwasha pampu ya swimingi, na leseni ninayo.

Iko tu Chwele, kwa ukuta wa mama.

Mimi ni fundi wa stima. Hoteli moja hapa iliniita nirekebishe hiyo pampu kabla kanisa lije kubatiza. Nimemaliza, nataka kuwasha, inspekta wa serikali huyu hapa.

"Leseni?"

Si mnajua wamama wetu. Karatasi ikiwa na muhuri inatiwa fremu, inatundikwa juu ya tivii.

Nikampigia mama video. Kumbe ana wageni. Akageuza simu kwa ukuta, akawatangazia, "Huyu wangu ni fundi wa serikali."

Mimi si wa serikali bana, lakini nani angemkatiza?

Inspekta akaangalia. "Sawa. Sasa nionyeshe nyuma, pale hugongwa muhuri wa mwaka huu."

Muhuri uko. Niligongewa Januari, kabla mama airudishe ukutani.

Hapa pasta ananitazama. Wa kubatizwa wamesimama na kanzu nyeupe, wanatetemeka na hii baridi. Mimi naenda, narudi, naenda tena.

"Mama, si uitoe kwa fremu?"

Akaleta simu karibu na mdomo, wageni wasisikie.

"Safari hii niliibandika na gundi, baba. Kila mwaka unakuja kuitoa."

Pampu bado imezimwa. Leseni yenu iko kwa ukuta wa nani?