Bunduki Iliyoposwa

Miaka ya tisini, mume wangu alipoamua kujiundia bunduki ya mashindano ya shabaha, nyumba yetu ya Doonside, huku Sydney, iligeuka nyumba ya posa. Kila kipande kiliulizwa ukoo wake. Mtutu umetoka kwa fundi gani? Mti wa kitako ulikauka vizuri? Triga, kile kifyatulio cha risasi, aliibonyeza dukani kule Penrith huku amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi, akatikisa kichwa, tukarudi mikono mitupu. Jumamosi iliyofuata safari ni ileile, mimi na chupa yangu ya chai garini.

Siku moja nikachoka. "Hebu bwana, chuma unakichunguza hivi, na mimi uliniposa kwa picha moja tu niliyopigwa Tanga?"

Akacheka, akaiweka darubini ya bunduki mezani. "Wewe picha moja ilitosha, mke wangu."

Maneno matamu hayo. Nikammiminia chai.

"Na mimi shangazi yako aliniletea moja," nikamwambia. "Ila pichani mlikuwa wawili, wewe na kaka yako. Nilipokubali, nilikuwa namtazama yeye."