Nyumba ya Matairi ya Mkwe Wangu

Nilikuwa mama mkwe nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Mkwe wangu alikuwa na arobaini na miwili.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la saba. Niliacha shule, nikawalea wadogo zangu kwa kuziba matairi Makindu. Kwa hiyo wazee wa Kwa Vonza walipokuja kumposa mdogo wangu wa kike, walitafuta wa kuketi kwenye kiti cha mama, wakaniketisha mimi. Hakuna aliyenieleza kwamba kuanzia siku hiyo yule bwana hangenitazama usoni, hangeongea nami wala kulala kwangu. Kwetu Ukambani tunaiita nthoni, heshima ya kukwepana baina ya mkwe na mama mkwe. Kanisa lao lilikuwa limekataza pombe ya mahari, ngoma za mahari, na karibu likataze mahari yenyewe. Nthoni peke yake ndiyo waliyoiona haina dhambi.

Mwaka jana mdogo wangu, akiwa na mimba ya miezi saba, alishikilia waje kunitembelea nyumbani Kathonzweni kwa siku mbili. Mtu mwingine angelala lojing. Mkwe wangu, fundi wa kompyuta Nairobi, aliazima trela ya kulalia kutoka kwa mkubwa wake wa kazi. Ilikuwa na kitanda, jiko, sinki na taa ya kusomea. Hivyo angelala uani kwangu bila kulala kwangu. Walinipitia kazini Makindu, ila garini mwake singeweza kuingia. Nikawafuata kwa bodaboda, nimemshika kiuno mwanamume nisiyemjua hata kidogo, kwa sababu ya heshima.

Kabla hatujafika Kathonzweni, tairi la kushoto la trela likapasuka. Mkwe alishuka, akasimama mbele ya tairi kama mtu anayesubiri lijieleze, kisha akaanza kuitenganisha trela na gari.

Mimi nilisimama mbali, nikitazama kichaka.

"Mwambie mume wako asiichomoe," nikamwambia mdogo wangu. "Gari ndilo linaloishika isitembee."

Mkwe alikuwa amenisikia vizuri sana. Lakini alingoja mpaka mke wake atembee ile njia yote, mkono mgongoni, amfikishie.

"Dada anasema usiichomoe."

"Mwambie Mama asante. Nimeona video, inatakiwa iwe huru."

Mdogo wangu akarudi, anahema. Nikamtuma tena: mume wake aweke mawe mbele na nyuma ya gurudumu zima la kulia, alegeze nati kabla ya kuinua, aweke ubao chini ya jeki maana hapo ni mchanga. Alipofika alikuwa amesahau ubao. Akarudi kuuliza.

Mwenye boda alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake, anatafuna muwa.

"Mama mkwe, si umwambie tu? Hata malaika wanaelewa pancha."

"Nyamaza, ni mambo ya familia."

"Familia gani hii inaongea kwa tarishi?"

Wakati tunabishana, mkwe alikuwa ameiachilia trela na kushusha ule mguu mwembamba wa pembeni, uliowekwa ili kitanda kisitikisike mtu akilala. Akauzungusha mpaka tairi likainuka. Hakuna jiwe hata moja. Kisha akalala chali, akaingia chini mpaka kifuani, kutafuta mahali pa kuweka jeki.

Niliacha kutazama kichaka. Mguu ulikuwa unazama mchangani, pole pole, umeanza kupinda.

"Wewe! Toka huko chini!"

Akaganda. Na kutoka chini ya ile trela nikasikia sauti yake, ya adabu kabisa, ikimuuliza mke wake:

"Mama amesema nini?"

Mdogo wangu akafungua mdomo kumfikishia. Mtoto tumboni, baba wa mtoto chini ya chuma, na bado alikuwa anatafuta jinsi ya kuanza. Sikumngoja. Nilikimbia, nikamshika mkwe wangu vifundo vya miguu vyote viwili, nikamvuta kama gunia la ndengu. Kiatu kimoja kilinibakia mkononi. Trela ikashuka kwa kishindo pale kifua chake kilipokuwa, na sahani zote za mkubwa wa kazi zikavunjika ndani.

"Wueh!" mwenye boda akasema. "Amemshika mkwe miguu! Hiyo sasa ni faini ya mbuzi mzima."

Mkwe aliketi mchangani, soksi moja nje, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Niliona ana macho ya uchovu.

"Mama," akasema.

"Lete mawe," nikamwambia. "Makubwa."

Akaleta. Tuliirudisha trela kwenye gari, mwenye boda akisukuma, tukavuta hendibreki. Nilimwonyesha sehemu ya fremu iliyo imara karibu na ekseli, nikaweka ubao, juu yake jeki.

"Kichwa chako hakiingii huko tena."

"Hakiingii."

Mdogo wangu alikuwa ameketi kivulini, amenyoosha miguu iliyovimba. Mume wake alishika spana, akamtazama, halafu akanigeukia mimi.

"Nianze na nati gani?"

"Hiyo ya juu. Halafu ya ng'ambo yake. Legeza tu, usitoe."