Ikianguka Chini, Imekufa: Doña Obdulia na Taulo za Gari Jeusi

Saa nne kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi, kwenye kona ya Mtaa wa Tejedores huku kitongoji cha Portales, mwanamke wa miaka arobaini na saba amesimama kando ya ndoo mbili, anaibusu taulo.

Si busu la mapenzi. Anaipitisha mdomoni taratibu, kutoka pembe hii hadi pembe ile, macho ameyafumba, kama mtu anayeonja mchuzi wageni wakiwa mlangoni. Kisha anaikunjua, anabana pindo lake kwa kidole na gumba, na uso unamkunjamana.

"Hii hapana," anasema, na kuitupa kwenye ndoo ya taulo za matairi. "Katikati malaika, pembeni shetani. Mshono mgumu namna hii utachora gari kama mtoto aliyepewa msumari."

Huyo ndiye Doña Obdulia Tecuapetla. Kwa miaka kumi na tisa amelinda magari, ameyaelekeza na kuyaosha kwenye upande wa kivuli wa mtaa huu. Upande wa jua ni wa Wenceslao Arriola, naye yupo hapa kwa miaka hiyohiyo kumi na tisa. Katika muda wote huo wawili hawa hawajakubaliana juu ya jambo lolote, isipokuwa mpaka.

"Muulize na habari za CD yangu!" Wenceslao anapaza sauti kutoka ng'ambo. "Mwambie aeleze CD yangu ya muziki wa kumbia ilifanywa nini!"

CD ya kumbia itaelezwa mahali pake, kwa heshima inayoistahili.

Kwanza kitambaa chekundu. Kama mlinda magari yeyote wa jiji hili, Doña Obdulia alianza kazi na kipande cha flana nyekundu. Alikipunga hewani kumwita dereva: "Njoo, njoo, njoo, hapo hapo!" Akakitumia kufuta vumbi la boneti, kufukuza nzi kwenye tamali yake ya asubuhi, ule mkate wa mahindi wa mvuke, na kupangusa jasho la shingo. Kitambaa kimoja, kazi nne, na kufuliwa Jumapili kikibahatika.

Mambo yaliendelea hivyo, kwa amani ya mtu asiyejua, hadi daktari wa meno wa nyumba namba 40, Don Heriberto Quezadas, alipomwita siku moja akaone gari lake jeusi juani.

"Niliinama nikatazama," anasimulia Doña Obdulia. "Pale jua lilipopiga, rangi yote ilikuwa na duara nyembambanyembamba, duara ndani ya duara, kama utando wa buibui. Nikapandisha hasira. Nikamwambia, 'Daktari, nani kakufanyia hivi? Nitajie jina tu!'"

Daktari akamtajia.

"Akasema, 'Ni wewe, Doña Obdulia. Kila Jumatano, kwa miaka sita.'"

Hakumfukuza. Alimweleza tu kwamba flana husukuma mchanga juu ya rangi, ilhali taulo nzuri ya maikrofaiba huuinua mchanga na kuuficha ndani ya nyuzi zake. Kisha akaingia kung'oa meno ya watu.

"Wiki nzima nilikagua magari ya mtaa wangu juani, moja baada ya jingine," anasema. "Yote yalikuwa na utando wangu. Ilikuwa kama kutembezwa kwenye maonyesho ya dhambi zangu, tena bila kiingilio."

Akaenda sokoni kununua taulo. Akanunua fungu la bei rahisi, akajiona ameokoka, kumbe nazo zilikwaruza. Hapo ndipo alipotambua kuwa neno maikrofaiba kwenye karatasi ya nje si kiapo.

Akaanza kujifunza, kwa ukaidi ambao majirani zake wanaukumbuka hadi leo. Lebo hukatwa kabla ya kitu kingine chochote, kwani ncha yake ni kisu. Mdomo hugundua ugumu ambao vidole, vilivyozoea ndoo na sabuni, haviusikii tena. Nyuzi ziwe ndefu na nzito, taulo ikishikwa iwe kama mkia wa paka aliyelishwa vizuri. Haifuliwi pamoja na nguo za pamba, maana itazoa manyoya ya pamba. Haitiwi dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo huziba nyuzi.

Na sheria kuu, ambayo huitamka kama hakimu: ikianguka chini, imekufa. Haikung'utwi, haipulizwi, haisamehewi. Inakwenda kwenye matairi.

"Nilikuwa nampa muuza taulo shida," anakiri. "Siku moja akaniambia, 'Mama, unanunua taulo au unaichumbia?' Nikamjibu, 'Naichumbia, mwanangu. Ile nyekundu niliolewa nayo bila kuuliza.'"

Sasa CD. Mgongo wa CD hukwaruzika upesi kuliko rangi ya gari, kwa hiyo ni shahidi mzuri. Unausugua kwa taulo mara kumi, unauinamisha juani, unasoma hukumu. Doña Obdulia hakuwa na CD. Wenceslao alikuwa nayo.

"Nilimwazima nikidhani anataka kusikiliza!" Wenceslao amevuka mpaka sasa, jambo linaloonyesha uzito wa suala lenyewe. "Imerudi inaruka kama chura. Mwimbaji anaanza kumwita mpenzi wake, hafiki hata nusu ya jina. Miaka sita sasa sijui huyo mwanamke anaitwa nani!"

"Taulo saba zilifeli kwenye CD hiyo," anajibu Doña Obdulia bila kugeuka. "Zingefeli kwenye magari ya watu. Jivunie."

"Nijivunie nini? Mimi nataka muziki!"

Taulo inayofaulu huuzwa peso 85. Siku njema mtaani humpa peso 350, na siku ya mvua humpa 90 na mafua. Kwa hesabu hiyo, kila taulo ikifa, robo ya siku njema inazikwa nayo.

Aprili mwaka huu matangazo yalibandikwa kwenye nguzo. Mtaa wa Tejedores utawekewa mita za maegesho, mashine za kulipia nafasi ya gari, na wenye vitambaa wanatakiwa wawe wameondoka kabla ya Julai. Wenceslao aliyasoma mara tatu, akitumaini kwamba yanahusu upande wa kivuli pekee.

"Nilijiuliza nitakwenda wapi," anasema Doña Obdulia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake imetulia. "Mitaa mingine ina wenyewe. Sina kazi nyingine ninayoijua."

Wiki hiyohiyo akasikia kwamba Don Crisóforo Lezama anatafuta mwosha magari. Don Crisóforo ana kampuni ndogo ya mazishi, mitaa miwili kutoka hapa, na huongea kwa sauti ya chini hata anapoagiza kahawa. Ana magari matatu ya maiti, meusi yote. Malipo ni peso 2,600 kwa wiki, asubuhi sita, chini ya paa. Alikuwa amekwisha kuwafukuza waoshaji watatu.

"Wafiwa hawana pa kuweka macho," Don Crisóforo anaeleza, nawe inabidi usogee ili umsikie. "Jeneza wanaliogopa. Wenyewe kwa wenyewe wanaoneana haya. Basi wanatazama gari. Wakikuta mikwaruzo, ni kama nimemvalisha marehemu shati lililochanika."

Akampa jaribio moja: gari kubwa kuliko yote, mazishi saa sita mchana, Alhamisi iliyopita. Akiliacha na mkwaruzo mmoja mpya, kwaheri.

Alhamisi hiyo Doña Obdulia alifika saa tatu. Akaosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, kisha akaanza kukausha. Taulo ya kwanza ilimaliza paa, ubavu huu na ubavu ule, na milango ya nyuma. Boneti aliiacha mwisho, kwa sababu ndiyo inayotazamwa, na kwa ajili yake alikuwa na taulo mpya, nzuri kuliko zote alizowahi kubusu. Alikuwa ameitundika begani.

Hapo ndipo lilipoingia gari la maua, kinyumenyume, likihangaika na lango.

Mkono una kumbukumbu zake. Kabla Doña Obdulia hajawaza lolote, mkono wake wa kulia ulikwisha kunyakua kitambaa kilichokuwa karibu na kukipunga juu: "Njoo, njoo, njoo! Kata kulia! Njoo, hapo hapo!" Na kwa kuwa ndivyo kazi inavyofungwa, akalipiga gari la maua mara mbili kwenye bampa kwa kitambaa hicho, pa, pa, kumjulisha dereva kwamba amefika.

Gari la maua lilisimama vizuri mno, sentimita kumi kutoka ukutani. Bampa lake lilikuwa na vumbi la barabara yote ya Xochimilco, kunakolimwa maua. Doña Obdulia akatazama mkononi mwake. Hakukuwa na flana nyekundu.

Don Crisóforo alikuwa mlangoni.

"Mbona umesimama?"

"Taulo imekufa, Don Crisóforo."

"Pole sana," akasema Don Crisóforo, kwa mazoea ya kazi, na kuinamisha kichwa. Kisha akakiinua. "Nini kimekufa?"

Akaelezwa. Akatazama saa.

"Si uikung'ute tu? Familia inafika baada ya dakika ishirini."

Hadi leo Doña Obdulia hajui kama alikuwa anapimwa. Anachojua ni kwamba aliiona boneti ile inayong'aa, na juu yake akauona utando wa Don Heriberto, duara ndani ya duara.

"Nikamwambia, 'Hii haigusi boneti. Ukitaka kunifukuza nifukuze, lakini gari nitaliacha zima.'"

Akauchukua mpira wa maji, akachomoa kinyunyizio cha mwisho wake, akayaacha maji yamwagike polepole kuanzia chini ya kioo cha mbele. Yakateremka kwa pamoja, kama shuka inayovutwa kitandani, yakachukua karibu matone yote. Yakabaki kama thelathini. Akairudia taulo ya kwanza. Taulo ikikunjwa mara mbili huwa na nyuso nane, naye huzihesabu kila anapofanya kazi. Alikuwa ametumia saba.

Kwa ule uso wa nane akayagusa matone, moja moja, bila kuburuta.

Don Crisóforo akawasha tochi ya simu na kuizunguka boneti. Familia ikaanza kuingia. Bibi mmoja aliyevaa nyeusi akasimama mbele ya gari, akajiona kwenye rangi, na kwa utulivu akaanza kuurekebisha mtandio wake. Akamaliza upande mmoja, akageuka, akamaliza upande wa pili. Kisha akavuta pumzi, akaenda kumzika mumewe akiwa nadhifu.

Don Crisóforo akazima tochi.

"Jumatatu saa moja," akasema. Doña Obdulia ilibidi amwombe arudie, si kwa sababu hakusikia.

Ndiyo maana Jumamosi hii anabusu taulo. Anahitaji kumi na mbili za kuanzia, na kufikia sasa zimefaulu tisa. Mpango wake ni kuweka akiba kwa miaka miwili, kisha kupanga banda lenye paa na bomba la maji, na kuosha magari ambayo abiria wake wanaweza kushukuru.

"Na nitamwajiri Wenceslao," anasema.

"Sikusikia!" anasema Wenceslao, aliyesikia.

"Kwenye matairi."

"Kwanza CD!"

"CD nitakununulia kwa mshahara wa kwanza. Ulijue hatimaye jina la huyo mwanamke, utuache kwa raha."

Kabla Wenceslao hajapata jibu, lori la kijivu linakata kona na kuanza kupigana na nafasi iliyo mbele ya namba 40. Nyuma limebeba mita za maegesho, zimelazwa kwa safu, zimefunikwa turubai.

Wenceslao anatema mate chini. Dereva anakosea mara ya kwanza, anakosea mara ya pili. Doña Obdulia anaitazama taulo iliyo mkononi, anaitundika pahali salama, na kuchomoa kiunoni ile flana nyekundu, ambayo siku hizi kazi yake ni ya hewani tu.

"Njoo, njoo, njoo! Kata kushoto, bosi! Njoo... hapo hapo!" Pa, pa.

Dereva anashuka, anashukuru, anaona aibu kidogo. Doña Obdulia hamtazami. Ameinama kwenye mlango wa lori, kichwa upande, akifuata jua.

"Bosi, hili gari huwa mnalifuta na nini?"

"Na tishati kuukuu, mama."

Doña Obdulia anafumba macho kidogo.

"Pole sana," anasema, na kunyoosha mkono kwenye ndoo ya taulo zilizofaulu.