Mlango Tuliohama Nao

Mlango ule niliutengeneza mimi. Tulipopanga chumba kile cha Kambi Muru, Kibera, mlangoni kulikuwa na gunia tu. Nikaokota mbao za masanduku, nikagongelea juu yake bati la mikebe ya mafuta ya kupikia, nikatafuta bawaba kwa muuza vyuma chakavu. Bawaba ya juu ililia kila ulipofungua: nyeee. Ukifunga, komeo likaanguka mahali pake: tak. Sisi wengine tulisikia kelele. Msichana wangu sijui alisikia nini, lakini mpaka leo natamani ningeazimwa masikio yake.

Hakuwa anaongea. Umri wa shule ulikuwa umefika, na bado hakuita mama, hakuomba maji. Siku hizi kuna neno, usonji, na watu wanalitaja redioni bila aibu. Miaka ile ya tisini sisi hatukuwa na neno. Tulikuwa na mwalimu mkuu aliyesema shule yake si ya wendawazimu. Tulikuwa na mchungaji aliyemshika kichwa mbele ya kanisa zima, akampigia kelele mpaka mtoto akajikojolea, halafu akatangaza pepo ametoka. Majina yao siandiki. Wakisoma watajijua, na mimi nawajua.

Alichokuwa nacho ni mlango. Alisimama, mkono mmoja kwenye ukingo, kidole cha mkono wa pili ndani ya tundu la msumari, akaufungua polepole, akaurudisha polepole, kichwa kimeinama upande kama mtu anayeonja mchuzi. "Nyeee," anasema. Halafu, "Tak." Ndiyo sauti ya kwanza aliyoitoa kwa kupenda mwenyewe. Nimeona watu wazima wakisali na akili iko kwa ugali. Huyu sijawahi kumwona akifanya jambo nusu nusu.

Sasa, vyumba vya ploti, vile vya kupanga kwa safu, vinagawana ukuta mmoja wa udongo. Wa huku akikohoa, wa kule anaitikia. Majirani wakachoka.

"Mama, mwambie mtoto achague," mmoja akaniita kutoka chumbani kwake. "Ni nje ama ni ndani?"

"Akichagua nitakuita," nikamjibu.

Msimamizi wa ploti alikuwa anamtafutia shemeji yake chumba, na kelele ile ikampa sababu. Kodi nilikuwa nimelipa. Lakini kwetu huko mtu akitakiwa ahame haletewi barua. Anang'olewa mlango. Tulirudi, mimi na msichana, kutoka kufulia watu nguo, tukakuta uwazi mtupu. Nilianza kulia. Yeye akaenda akasimama pale pale, mkono hewani, akafungua kitu ambacho hakipo. "Nyeee," akasema. Akangoja. Tak haikuja.

Tukahamia Kawangware. Chumba kilikuwa kizuri, sakafu ya simiti, na mlango mpya wa bati ambao haulii hata ukiupiga teke. Msichana wangu akaufungua mara moja, akasikiliza, akatoka nje. Tangu hapo hakuingia tena kwa miguu yake. Tukimbeba anapiga nduru, tukimweka chini anatoka. Akala uani, akasinzia uani, mgongo kwa ukuta.

Baba yake alikuwa anangoja jambo kama hilo. Mama mkwe wangu kule Kitui alishasema mtoto apelekwe akae huko, na mimi nilijua huko ni wapi. Ni nyuma ya ghala, kamba kiunoni, na wageni wakija anafichwa. Dada yake mume wangu walimkalisha hivyo mpaka akafa.

"Jumamosi nampeleka," baba yake akasema. "Nyumba amekataa mwenyewe."

"Hajakataa nyumba. Amekataa mlango."

Akacheka. "Sasa na wewe umeanza."

Jumamosi asubuhi alipotoka kwenda kukata tiketi, nikamshika msichana mkono tukarudi Kibera. Niliambiwa msimamizi anauza makaa Silanga, karibu na bwawa, na ndipo nilipoukuta mlango wangu. Ameufanya meza. Mikebe ya makaa imepangwa juu yake.

"Nataka mlango wangu," nikasema. Hata sikusalimia.

"Niaje pia, mathe," akasema. "Uko na risiti?"

Wanunuzi wakacheka. Mimi bado natafuta tusi la kumtosha, msichana wangu akapita katikati yetu. Akashika ukingo wa meza, akatia kidole kwenye lile tundu la msumari, akainua. Mikebe ikaanguka, makaa yakabingirika mpaka kwenye matope.

"Shika huyo mwendawazimu!"

"Nyeee," akasema msichana wangu, uso mweusi kwa vumbi. Hakumtazama hata kidogo. Aliinamisha kichwa, akangoja bawaba imjibu.

Pembeni alikuwa mama wa kuuza sukuma wiki, jirani yetu wa zamani, yule yule wa nje ama ndani. Akapiga makofi. "Huo mlango naujua! Umeninyima usingizi mwaka mzima. Mpe, wewe, aende nao mbali!"

"Mpe!" mwingine akadakia. "Si risiti ndiyo hiyo imesimama hapo?"

Msimamizi akatema mate, akainama kuokota makaa yake. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa.

Niliubeba mgongoni kwa ukanda wa kichwani, kama tunavyobeba kuni kwetu. Tukapanda mpaka Ngong Road, tukashika njia ya Kawangware, yeye nyuma yangu na mkono kwenye komeo. Analiinua, linaanguka. Tak. Hakulia njia nzima, na jua lilikuwa kali. Mlinzi wa geti moja akaniita, "Mama, nyumba yenyewe umeiacha wapi?"

"Inakuja nyuma," nikamwambia.

Mwenye nyumba wetu mpya, mama mzee, alishika kiuno. "Wenzako wanaibiwa milango, wewe unaleta!" Lakini nyundo aliniazima. Niliutoa wake, nikapiga wangu. Ulikuwa mfupi, chini ikabaki nafasi ya kuku kupita. Nilikuwa bado nimepiga magoti, misumari mdomoni, baba yake alipofika na tiketi, akachukua nguo za mtoto alizozifunga kwenye leso tangu asubuhi.

"Twende," akamwambia mtoto.

Msichana wangu akaja. Akampita baba yake, akanipita mimi, akaingia ndani kwa miguu yake. Akashika ukingo. Nyeee. Akaurudisha taratibu, kwa adabu, kama kule Kambi Muru. Tak.

Tukabaki nje, baba yake na mimi, tunatazama bati la mikebe.

"Fungua!" Akagonga. "Wewe, fungua!"

"Atafungua," nikasema. "Lini, anajua mwenyewe."

Kwenye ile nafasi ya chini tuliona vidole vya miguu yake, vimetulia kabisa juu ya simiti.

Baba yake alipanda basi peke yake. Alisema ni kwa sababu tiketi isingerudishwa. Mimi nilikaa uani, nikangoja. Bawaba ilipolia nikainuka. Hakunitazama. Lakini alikuwa amesogea kando, nafasi ya mtu mmoja kupita.