Bibi Chupa na Asali ya Kaka Yake

Mtaani walimwita Bibi Chupa. Vichupa vya sampuli vilivyokwisha kazi alivichemsha, akavileta nyumbani na kuwagawia majirani watie chumvi na viungo. Jina likamkaa kama nguo ya kushonewa.

Kazi yake ilikuwa kupima asali. Maabara ilijengwa kwa msaada kutoka nje, ili wafugaji nyuki wapate hapa hapa nchini cheti cha kuuza ng'ambo. Kabla ya hapo sampuli zilipandishwa ndege, majibu yakachelewa, mnunuzi akachoka kungoja, na asali ikaishia kwa walanguzi kwa bei ya kutupa. Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa na wakubwa wakapigwa picha. Wapimaji walikuwa watano, na mtaalamu mgeni, mwanamama mrefu mwenye subira, aliwafundisha mpaka wakaweza kuifungua mashine kubwa na kuifunga tena bila kubakiza skrubu mezani.

Kisha mradi ukafika mwisho. Mtaalamu aliaga. Mpimaji mmoja alichukuliwa na kiwanda cha maziwa, mwingine cha soda, mwingine akamfuata mumewe, na aliyekwenda kusoma hakurudi. Akabaki Bibi Chupa na mlinzi wa getini, mzee asiyesikia vizuri, hata salamu zao zikawa za kupungiana mikono. Ndani palisikika friji tu. Viti vya wenzake alivifunika nailoni visishike vumbi, na mchana alikula akitazama ukuta.

"Shoga, wewe umeolewa na mashine," jirani yake alimtania jioni moja.

"Afadhali hii, haikoromi."

Jirani alicheka mpaka akashika kiuno. Bibi Chupa naye alicheka, akaingia ndani, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni.

Sampuli zilimfikia zikiwa na namba, bila majina. Msimu mmoja alikuta mabaki ya dawa kwenye asali ya kikundi fulani, akaandika kuwa haifai. Kesho yake simu ikaita. Alikuwa kaka yake, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji kijijini kwao. Huyo huyo aliyemfundisha utotoni kuonja asali kwa ncha ya ulimi na kujua nyuki walifyonza maua gani.

"Mdogo wangu, naambiwa mzigo wetu umekwama kwako."

"Sikujua ni wenu, kaka."

"Basi sasa umejua."

"Mmewapa nyuki dawa?"

"Walikuwa wanakufa. Muuza dawa akasema nichanganye kidogo kwenye maji ya sukari. Kidogo tu. Hao wa ng'ambo watajuaje?"

"Watapima bandarini kwao. Wakiikuta hawatasema ni asali yako. Watasema ni ya nchi hii, na mlango watawafungia wote."

Kaka akasema taratibu, "Damu nzito kuliko maji."

"Nitaipima tena. Lakini nitaandika nitakachokiona."

Aliipima upya, kila hatua kwa mkono wake. Maisha yake yote alikuwa ameomba asikosee. Asubuhi ile aliomba awe amekosea. Mashine ikatoa majibu yale yale. Akatia sahihi, akaenda kunawa uso.

Mapipa yalirudishwa, mnunuzi akahamia kikundi kingine, na kaka akavuliwa uenyekiti. Tangu hapo hakupokea simu za dada yake. Mama yao, aliyekaa kwa kaka, alikuwa akimpigia kwa kunong'ona kama mwizi. Binti wa kaka alipoolewa, shangazi mtu aliiona harusi kwenye picha alizotumiwa na binamu.

Hata hivyo hakukaa bure. Alimwendea bwana nyuki wa wilaya, akamsihi awafundishe wafugaji wa kikundi cha kaka kuteketeza mizinga yenye ugonjwa na kuhamisha mizima, bila dawa.

"Nikaseme nani kanituma?"

"Sema umejituma."

Misimu ikapita. Siku moja aliingia mtu kufuata cheti cha kikundi chake, na kwa kuwa hapakuwa na karani, Bibi Chupa alitoka mwenyewe. Ni kaka yake, ndevu zimeshaingia mvi. Namba ile alikuwa ameipitisha wiki iliyotangulia bila kujua ya nani.

"Imetoka safi," alisema.

"Nimesikia." Kaka alikikunja cheti polepole. "Bwana nyuki aliniambia aliyemtuma."

"Nilimkataza."

"Yule hajui kunyamaza." Alichungulia ndani, akaviona viti vyenye nailoni. "Wenzio wako wapi?"

"Walishaondoka zamani."

Kaka alikitia cheti mfukoni. "Mama anauliza utakuja lini," akasema, akatoka.

Bibi Chupa aliomba likizo, akaenda. Mama alimshika mkono, hakuuachia mpaka chakula kikaletwa. Kaka alimvutia kiti kizuri, na wifi yake akamtandikia shuka mpya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Bibi Chupa alidamka, akajifunga kanga, akasimama mlango wa jikoni angoje kazi.

"Pumzika, wifi," aliambiwa. "Wewe mgeni wetu."

Akarudi kukaa kwenye kiti kizuri, mikono mapajani.

Alipoondoka, kaka alimbebea mkoba hadi kituoni. Njiani walizungumzia mvua. "Ukifika piga," alimwambia.

Alipofika alipiga, na kaka akapokea. Aliuliza kama basi lilichelewa, naye akajibu kuwa halikuchelewa. Wakatafuta la kuongeza, wakalikosa, lakini hakuna aliyekata simu upesi.